Dawa ya bibi inamtuliza mjomba, lakini mjomba anakwisha

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 34, naishi Mtwara mjini na nina meza ya dawa za asili sokoni. Nauza tangawizi kavu, mdalasini, habasoda, majani ya mlonge yaliyosagwa, sanamaki, shubiri, na mizizi inayotoka kwa bibi yangu huko juu Newala. Bibi ndiye aliyemzaa mama yangu. Kila baada ya wiki mbili hunitumia kiroba kwa basi, mizizi imefungwa mafungu mafungu, na kila kamba imepigwa mafundo ili nijue lipi la nini: fundo moja ni la chango, mawili la gesi, matatu la vidonda vya tumbo. Hajui kusoma wala kuandika, lakini hajawahi kukosea fundo.

Mama alifariki nikiwa darasa la nne. Aliyenilea ni mjomba, kaka yake mama, na sisi watu wa huku mnajua mjomba ni nani. Alinisomesha hadi kidato cha nne kwa kubeba magunia ya korosho ghalani, na mtaji wa meza hii, laki moja na nusu, ulitoka mfukoni mwake. Sasa ana miaka 61, na msimu ukifika bado anabeba, ingawa si kama zamani. Mgongo unamsumbua, lakini kwa mgongo hana shida: anameza vidonge vyake vya maumivu vya duka la dawa, maisha yanaendelea.

Shida ni tumbo. Mwezi wa sita mwaka jana alianza kulalamika kiungulia na maumivu kwenye chembe cha moyo, hasa usiku wa manane. Nikampelekea dawa ya mafundo matatu. Bibi huuchoma mzizi mpaka uwe mweusi, huutwanga unga, na mgonjwa hutia kijiko kimoja kwenye uji asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza tu mjomba akalala usingizi. Akanitangaza ghalani, wabebaji wenzake wakaja mezani kwangu, na sitaficha, msimu huu nimeuza kuliko mwaka wowote.

Ila dawa ikikatika siku tatu, maumivu yanarudi. Tumekwenda hivyo miezi saba. Ijumaa ya juzijuzi nilikuwa kwake, anajiandaa kwenda msikitini. Alipovaa mkanda nikaona ametoboa tundu jipya kwa msumari, na pembeni yake lipo jingine alilotoboa zamani kidogo. Ncha ya mkanda ilikuwa imebaki ndefu, inaning'inia. Nikanyamaza. Nilipoingia jikoni, mkaza mjomba akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku hizi choo chake ni cheusi, na kwamba akitoka msikitini, pale pale karibu, anafika nyumbani anatweta. Akimwambia aende hospitali anajibiwa, "Mpwa wangu amesema ni uchafu unatoka."

Shangazi, maneno hayo ni yangu kweli. Ndiyo ninayowaambia wateja wote. Bibi aliniambia hivyo, nami nasema hivyo.

Nikampigia bibi. Akasema mzizi haukatwi katikati, dawa ya mti na ya hospitali zikikutana zinapigana ndani, na kama nimechoka kumtibu mwanawe basi nimrudishe Newala amtibu mwenyewe. Kisha akalia. Amezika watoto wanne, mjomba ndiye aliyebaki. Mama yangu alifia wodini, siku ya tatu baada ya kulazwa, na mpaka leo bibi anaamini angebaki nyumbani angepona.

Nikimpeleka hospitali, ni kama nimemwambia bibi kwamba dawa yake ni uongo, na sokoni watasema muuza dawa mwenyewe kakimbilia kwa daktari. Nisipompeleka, naogopa hata kuandika. Daktari akiuliza ametumia nini, niseme nini, na mimi kibali sina? Je, niache biashara hii inayolisha wanangu wawili? Au nisubiri kiroba kijacho, labda bibi ataongeza nguvu ya dawa?

Mpwa, Mtwara

---

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma asubuhi, na mchana wake nikakutumia ujumbe, kwa sababu lipo jambo ndani yake lisilosubiri gazeti. Ulinijibu kwamba umeshamwambia mjomba, naye amesema mtaongea Jumatatu. Basi nianze na hilo tena, kwa ajili yako na kwa yeyote mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani.

Choo cheusi kina sababu zaidi ya moja. Mkaa hukifanya choo kiwe cheusi, na dawa ya bibi ni mzizi uliochomwa. Vidonge vya madini ya chuma, vile wanavyopewa wajawazito kliniki, navyo hufanya hivyo. Kwa hiyo yawezekana ni unga tu. Lakini damu inayovuja tumboni, ikishapita kwenye tindikali na kwenye utumbo, nayo hutoka nyeusi. Inanata na kung'aa kama lami, na harufu yake ni kali kuliko ya choo cha kawaida. Kwa macho matupu hakuna kati yetu, si wewe, si mimi, si bibi, anayeweza kuapa kwamba ni unga na si damu. Na choo hicho hakikuja peke yake. Kimekuja na mwili unaokonda na pumzi inayokatika kwa mwendo mfupi, na kutweta huko kunaweza kuwa dalili kwamba damu imepungua mwilini. Vitu hivyo vitatu vikikutana kwa mtu mmoja, anapelekwa siku hiyohiyo. Akitapika damu au kitu kama unga wa kahawa uliolowa, akizimia, akitokwa jasho la baridi, basi mwamsheni jirani mwenye gari hata kama ni saa nane za usiku.

Hapo tu ndipo ninapokusukuma. Mengine tutayazungumza polepole, na uamuzi ni wako na wa nyumba yenu.

Nikikusoma vizuri, hukuniandikia kuniuliza habari za tumbo. Unaniuliza utampendaje mjomba bila kumvunja bibi. Mmoja amekupa shule na mtaji, mwingine amekupa ujuzi unaokulisha, na unaona kama ukimshika huyu mkono unamwachia yule. Ni mzigo mzito, tena umeubeba peke yako, maana hata ulipouona ule mkanda ulinyamaza. Sikulaumu.

Ila kuna sentensi moja katika barua yako nimeirudia mara tatu. Umeandika kwamba kwa mgongo mjomba hana shida, anameza vidonge vya maumivu, maisha yanaendelea. Mwanangu, ni vidonge gani? Tangu lini? Anameza kabla ya kula au baada? Dawa nyingi za maumivu zinazouzwa madukani, kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, hudhoofisha ule utando unaolinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali yake lenyewe. Mtu akizimeza kila siku, vidonda vinaweza kutokea, na kwa watu wazima vidonda hivyo huweza kuvuja damu bila hata kuuma sana. Gunia la korosho ni kilo 80. Mzee wa miaka 61 akibeba magunia hayo msimu mzima, nani atamlaumu akitafuta kidonge? Lakini nawaza kwamba huenda kwa miezi saba mkono mmoja umekuwa ukituliza tumbo na mwingine ukilichubua, na wote wawili hawakujuana.

Nikisema hivyo simaanishi kwamba nimejua ugonjwa wake. Sababu nyingine kubwa ya vidonda vya tumbo ni bakteria anayeitwa H. pylori, na historia yake ningependa bibi naye aisikie. Kwa miaka mingi hospitali zenyewe ziliamini vidonda vinaletwa na mawazo, pilipili na tindikali. Wagonjwa wakapewa dawa za kupunguza tindikali, wakapata nafuu, wakiacha dawa kidonda kinarudi. Umeona? Ni yaleyale ya mjomba. Mwaka 1982, huko Perth nchini Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren wakafanikiwa kumwotesha bakteria huyo kutoka kwenye matumbo ya wagonjwa. Wengi hawakuwaamini, mpaka mwaka 1984 Marshall akanywa yeye mwenyewe mchanganyiko wenye bakteria hao, ukuta wa tumbo lake ukavimba. Mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Siku hizi mgonjwa mwenye bakteria hao hupewa dawa mbili za kuwaua pamoja na ya kupunguza tindikali, mara nyingi kwa siku 14, na wengi hupona moja kwa moja. Kwa hiyo dawa inayotuliza kisha maumivu yakarudi si aibu ya bibi peke yake. Waliosoma nao walikaa hapo miaka.

Hukunitaja mti, nami sikuulizi, ni siri ya nyumba. Wala huna haja ya kumwambia bibi kwamba dawa yake ni uongo, kwa sababu hakuna aliyethibitisha hivyo. Ilimlaza mjomba usiku, na mtu aliyekesha kwa maumivu anajua thamani ya hilo. Kinachobaki ni swali jingine: je, imekifunga kidonda, au imekifunika tu? Jibu la hilo halipo kwenye kiroba kijacho, na dawa ikiongezwa nguvu, itafunika zaidi. Lipo kwenye kipimo. H. pylori hupimwa kwa choo au kwa pumzi, na daktari akiona haja, mgonjwa hupitishiwa mpira mwembamba wenye kamera ili kidonda kionekane kwa macho. Kukonda kwa mtu wa umri wake kuna sababu nyingi, nyepesi na nzito, na kamera husaidia kuzitenganisha.

Sasa tumsikilize bibi. Amesema dawa zikikutana zinapigana ndani. Hapo bibi hajakosea. Unga wa mkaa hunasa vitu tumboni, ndiyo maana hospitalini mkaa maalumu hupewa watu waliokunywa sumu. Vilevile mzizi uliochomwa unaweza kunasa kidonge cha hospitali kabla hakijafanya kazi. Shubiri na sanamaki zikitumika muda mrefu hupunguza madini ya potasiamu mwilini, na hilo ni hatari zaidi kwa mtu anayetumia dawa za moyo au za kukojoza maji. Tangawizi na kitunguu saumu kwa wingi havifai kuchanganywa na dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa hiyo unaweza kumwambia kwa heshima yote, "Bibi, umesema kweli, ndiyo maana tunasimamisha unga kwanza, wapime, tujue."

Lakini najiuliza kama kilichomliza kwenye simu ni mzizi. Mimi naona wodi. Binti yake aliingia akitembea, hakutoka. Wewe unasikia mabishano ya dawa, huenda yeye anasikia mlango ule ule unafunguliwa tena, na safari hii anayeingia ni wa mwisho. Ukimjibu kwa habari za vipimo utakuwa umejibu swali ambalo hakuliuliza. Labda anahitaji kusikia nani atalala na mjomba, nani atampigia kila jioni, na kwamba mjomba mwenyewe atashika simu aongee.

Njia ziko kadhaa, na kila moja ina bei yake. Unaweza kumpeleka mjomba kimyakimya, bibi aje kusikia baadaye. Ni njia ya haraka, na kwa hali hii haraka ina uzito, ila Newala na Mtwara habari zinakwenda na basi lilelile linaloleta kiroba, na akizisikia kwa mwingine, jeraha litakuwa kubwa kuliko ugomvi wa leo. Unaweza kusubiri ruhusa yake kwanza. Ni heshima kubwa, lakini siku zinahesabika, na kama ni damu inavuja, haimsubiri mtu. Unaweza kumpigia mkiwa njiani: hapo huombi ruhusa, unaomba dua. Mama wengi huinyima ruhusa lakini dua hawawezi kuinyima. Au unaweza kumwomba amwambie mjomba yeye mwenyewe. Mzee anayekubishia wewe na mkewe, sauti ya mama yake je? Ikifanikiwa, bibi anakuwa ndiye aliyempeleka mwanawe, na hadhi yake inabaki palepale. Isipofanikiwa, mjomba atakuwa na neno la mama yake la kukataa nalo, na hapo mtakuwa mmeuongeza ukuta. Wewe unamjua bibi, mimi simjui. Kuhusu kumpandisha Newala akatibiwe huko, mtu anayeshukiwa kuvuja damu kukaa saa kadhaa ndani ya basi ndiko kunakonitia hofu kuliko yote. Hospitali ya Ligula ipo humohumo Mtwara mjini.

Na daktari akiuliza, mwambie. Yote. Beba kipakiti cha unga na beba karatasi ya vile vidonge vya mgongo, usitegemee kukumbuka jina. Mwambie kama mjomba amemeza antibayotiki au dawa ya kupunguza tindikali kama omeprazoli wiki za karibuni, kwa sababu zinaweza kukifanya kipimo cha H. pylori kionyeshe hakuna wakati yupo. Sitakudanganya kwamba kila mhudumu atakupokea vizuri. Wapo wanaofoka wakisikia neno mizizi. Akikufokea, vumilia dakika hizo mbili kwa ajili ya mjomba. Na kwa kuwa ana miaka 61, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini: sera ya nchi ni kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Barua ya serikali ya mtaa husaidia.

Hilo la kibali lisikufungie mlango. Tiba asili nchini kwetu si jambo la kujificha. Muhimbili imekuwa ikiifanyia utafiti tangu mwaka 1974, na ipo sheria ya mwaka 2002 iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalosajili waganga na dawa zao. Kwenye halmashauri yako muulize mratibu wa tiba asili. Kujisajili kuna gharama na maswali, na bibi huenda asipende kuulizwa habari za miti yake, kwa hiyo mkae mlizungumze kwanza. Lakini muuza dawa aliyesajiliwa haogopi daktari akimuuliza.

Umeniuliza kama uache biashara. Siwezi kukujibu kwa kuwa sili mezani pako. Naweza tu kutembea nawe kuitazama meza. Tangawizi kwa kichefuchefu, hiyo imechunguzwa na inasaidia. Mlonge ni mboga nzuri, ila mzizi na gome lake mjamzito asipewe. Sanamaki inafungua choo kweli, hata hospitali huitumia, lakini ni ya siku chache. Shubiri mjamzito asiiguse. Wapo wanaoishi vizuri kwa kuuza hivi na kusema ukweli kuhusu kila kimoja. Wapo pia walioacha mizizi wakabaki na viungo, mapato yakashuka. Lipime na wanao.

Yale maneno, "ni uchafu unatoka," uliyarithi pamoja na mizizi, hukuyatunga. Najua yanakuuma sasa. Unaweza kuyaacha maneno bila kuuacha urithi. Mteja wa tumbo akifika, muulize linamuuma tangu lini, anameza vidonge gani, na choo chake kina rangi gani, kabla hujafungua fundo. Nawaza hasa wale wabebaji wenzake mjomba waliokuja kwako msimu huu. Nao wana migongo. Nao wananunua vidonge duka lilelile. Unawajua kwa sura, unajua wanakopumzikia.

Kwa Jumatatu, kama bado hajakubali kwenda mapema: mpitie asubuhi, na asinywe chai wala uji, maana wakitaka kumpitisha kwenye kamera siku hiyohiyo tumbo linatakiwa liwe tupu. Vidonge vya mgongo avisimamishe tangu leo, asivimeze tena mpaka daktari aseme. Mwambie mkaza mjomba aje naye, kwa sababu habari za choo yeye ndiye anayezijua na mjomba atazificha. Simu yako iwe na salio la kumpigia bibi.